Mti, Ng'ombe na Karatasi: Historia ya Urithi katika Vilima vya Karuba

Karuba, anayelima kwa kukodi hapandi mti. Ukipandisha kutoka Sake, ukapita upande wa Mushaki na kuingia katika vilima hivi vya baridi vya Masisi, mashariki mwa Kongo, utakuta viazi, maharagwe, kabichi na mahindi yakilimwa na watu wa kila namna, lakini mkaratusi na mgomba haipandwi ila na mwenye mahali. Mpangaji huambiwa mapema: panda utakachong'oa msimu huu. Viazi hukaa ardhini miezi mitatu au minne, mkulima akabeba gunia lake akaenda zake. Mkaratusi ukikaa miaka minane, majirani huanza kusema "miti ya fulani", na baada ya kizazi kimoja watasema "kilima cha fulani". Zamani, kabla mikaratusi haijaletwa, kazi hiyo ilifanywa na migomba na miti ya mpakani. Baba aliipanda, akamleta mwanawe, akamwonyesha mbele ya majirani kwamba hapa ndipo tunapoishia. Hakuandika kitu.

Ninaanza na mti kwa sababu mazungumzo ya siku hizi kuhusu mirathi huanzia makaburini. Mtu akifa, kilio kinakaa, matanga yanaondolewa, kisha ndugu wanafunga mlango na kuanza kuhesabu. Wazee wa vilima hivi hawakungoja siku hiyo. Mzee alipofika kitandani pa mwisho, sehemu kubwa ya mali yake ilikwisha kutoka mikononi mwake, kipande kwa kipande, kila kipande na mashahidi wake. Historia ya urithi Karuba, tangu enzi ya mwami hadi vita vya leo, ni historia ya mashahidi hao: nani alikuwa shahidi, nani alimwondoa, na nini kiliwekwa mahali pake.

Kwa Wahunde, wenyeji wa vilima hivi, ardhi ilikuwa chini ya mwami, mtawala wao, na chini ya mwami walikuwapo wakubwa wa vilima. Jamaa iliyotaka pa kulima ilipeleka mbuzi, pombe na sehemu ya mavuno, nayo ikapewa haki ya kutumia. Haki hiyo ilipita kutoka kwa baba kwenda kwa wana, maadamu heshima na ushuru havikukatika. Ardhi yenyewe haikuuzwa. Kwa hiyo mwana hakurithi hekta. Alirithi nafasi ya baba yake mbele ya mkubwa wa kilima, na baba alipokufa ilimbidi aende mwenyewe, na mbuzi wake, akajulikane. Asiyejulikana hakuwa na urithi hata kama migomba yote ilipandwa na babu yake. Kuna watakaouita mfumo huo wa dhuluma kwa maskini, na hawajakosea sana. Mkubwa aliyekasirika angeweza kumnyima mjane na yatima. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo serikali zote zilizofuata hazikuweza kulirudisha, nalo ni kwamba kila mtu alijua nani wa kuulizwa.

Wakubwa wenyewe walipanga urithi wao kwa makini zaidi kuliko raia. Magharibi yetu, katika misitu ya Walikale, Wanyanga walikuwa na mke wa heshima ya kiti, mumbo, ambaye mwana wake ndiye aliyetazamiwa kutawala baada ya baba. Yaani swali la mrithi liliulizwa siku ya ndoa, si siku ya msiba. Na hofu ya jambo hilo imo katika utendi mkubwa wa Wanyanga, ule wa Mwindo, ambao mtambaji Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck mwaka 1956, ukachapishwa mwaka 1969. Shemwindo, mkuu wa Tubondo, anawaamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Atakayezaa mwana wa kiume, mtoto huyo atauawa. Binti huleta mahari, mwana huja kudai kiti. Mwindo anazaliwa hata hivyo, baba anajaribu kumwua, na baada ya kisa kirefu cha kufukuzana hadi kuzimu, shangazi yake Iyangura anakuwapo kama mpatanishi, baba anaungama mbele ya watu wote, na nchi inagawanywa kati ya baba na mwana wakiwa hai wote wawili. Nimewahi kusikia utendi huu ukifundishwa kama hadithi ya ushujaa. Mimi huusoma kama kesi ya mirathi, na naona ni ajabu kwamba hukumu yake ya mwisho ni mgawanyo wa hai kwa hai, na kwamba anayesimama katikati ni mwanamke wa upande wa baba.

Wale waliozungumza Kinyarwanda, ambao baadhi yao walikuwako katika eneo hili kabla ya mipaka ya Wazungu na wengi zaidi waliletwa baadaye, walikuwa na utaratibu uliofuata umri wa mtu kwa karibu sana. Kijana alipooa, baba alimkatia umunani, kipande cha kujenga na kulima, kikawa chake tangu siku hiyo. Baba hakugawa chote. Alibaki na ingarigari, sehemu ya kumlisha yeye na mkewe uzeeni, ambayo mara nyingi iliishia kwa mwana aliyebaki nyumbani kuwatunza. Ng'ombe nao walikuwa na safari yao: ndama aliyetengwa kwa ajili ya mtoto, ng'ombe wa mahari, ng'ombe wa kumpa rafiki ili urafiki uwe na mguu wa kusimamia. Mwana aliyepokea umunani wake hakuwa na cha kupigania matangani. Kilichobaki kugombewa ni ingarigari, nayo ilikuwa ndogo.

Kwa mabinti, mila zote hizi zilifanana kuliko wenyewe wanavyopenda kukubali. Binti alihesabiwa kuwa wa kwenda. Huko aendako angekula kwa mumewe, na mumewe akifa angekaa kwa wanawe, au angechukuliwa na ndugu wa marehemu. Zawadi zilikuwako, hata za ardhi, lakini zilitoka kwa upendo wa baba, na kaka angeweza kuzipinga baada ya mazishi.

Kisha likaja neno la sheria kutoka mbali. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ulitangaza kwamba ardhi tupu ni ya Dola. Tupu kwa macho ya nani? Kilima kilichoachwa kipumzike, malisho ya msimu, msitu wa kuwindia, vyote vilionekana havina mtu, ilhali ndivyo vilivyokuwa akiba ya vizazi vijavyo: mwana wa tatu na wa nne walikuwa wakatiwe huko. Mwaka 1925 ikaundwa Mbuga ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Mwaka 1928 ikaja Comité National du Kivu, ikapewa eneo kubwa mno la kugawia walowezi. Vilima vya Masisi, vyenye hewa ya baridi na udongo mweusi, vikafyekwa kwa ajili ya kahawa, chai, pareto na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Baba wa Kihunde aliyekuwa na wana watano akajikuta na nafasi ya kuwakatia wawili.

Mashamba hayo yalihitaji mikono. Tangu 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wake wa kuwahamisha Wanyarwanda, ikaleta makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwakalisha Masisi. Gishari ikafanywa sheferi yao, yaani eneo lenye chifu wake, baada ya mwami wa Wahunde kulipwa fidia, na ikavunjwa mwaka 1957. Hapa ndipo mizizi ya kesi nyingi za urithi ilipo. Mhamiaji alipewa kipande na ofisa wa Kibelgiji, akaambiwa ni chake, akalima, akapanda, akawakatia wanawe umunani. Jirani yake wa Kihunde alikitazama kipande kilekile akaona ardhi ya mwami iliyokaliwa bila mbuzi kupelekwa. Kila mmoja alirithisha ukweli wake. Mwaka 1960 ulipofika, kizazi cha pili kilikuwa tayari kimerithi mabishano, na baina ya 1963 na 1965 yakalipuka katika vita vilivyoitwa vya Kanyarwanda.

Walowezi, kwa upande wao, waliishi katika dunia nyingine kabisa. Wao walikuwa na hati iliyoandikishwa, wosia kwa notari na ramani yenye mawe ya mipaka. Juu ya ardhi ileile kulikuwa na mirathi ya aina mbili: ya karatasi kwa Mzungu, ya mashahidi kwa mwenyeji. Uhuru ulipokuja, swali lilikuwa ni ipi kati ya hizo mbili itawafuata wote.

Rais Mobutu alijibu haraka. Sheria ya Bakajika ya Juni 1966 iliirudisha ardhi kwa Dola, na Sheria ya Ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikakaza: udongo ni mali ya Dola peke yake, haiuzwi wala haipotei, raia hupata haki ya kuutumia tu. Raia Mkongo anaweza kupata haki ya kudumu, inayopita kwa warithi wake. Wengine, na makampuni, hupata haki ya muda, isiyozidi miaka 25 ingawa inaweza kufanywa upya. Haki inathibitishwa kwa cheti cha uandikishaji, na cheti hicho kikimaliza miaka miwili hakivunjiki kirahisi. Na ardhi ya mila, ile ya mbuzi na mashahidi? Kifungu cha 389 kilisema haki za watu juu yake zitapangwa kwa agizo la Rais. Miaka arobaini ilipita na zaidi bila agizo hilo. Fikiria baba wa Karuba wakati huo: sheria imeondoa ardhi mikononi mwa mwami, haijaiweka mikononi mwake, na watoto wanakua.

Ni wachache waliofahamu mapema kwamba sasa karatasi inashinda mti. Tarehe 30 Novemba mwaka uleule wa 1973 Mobutu alitangaza kutwaliwa kwa biashara na mashamba ya wageni, na mashamba ya walowezi wa Masisi yakagawiwa watu waliokuwa karibu na Kinshasa au waliojua njia ya ofisi ya kadasta. Baadhi yao walikuwa Wanyarwanda wenye elimu na fedha, kwa maana sheria ya Januari 1972 ilikuwa imewapa uraia waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950. Wengi waliiona sheria hiyo kuwa kazi ya Barthélemy Bisengimana, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Mobutu hadi 1977. Wengine walikuwa Wahunde na Wanande, na machifu wenyewe walishiriki kwa kutia sahihi. Kilima chenye jamaa kadhaa kingeweza kuwa feremu ya mtu mmoja anayeishi Goma, na waliokuwa wenyeji wakawa watu wa kulima pembeni kwa kulipa siku za kazi.

Halafu ikaja sheria ya Juni 1981, ikawavua uraia wale wa 1972. Sheria ya uraia kwa kawaida hujadiliwa kama jambo la kura na siasa. Kwa jamaa ya Masisi ilikuwa sheria ya mirathi. Kama haki ya kudumu ni ya Mkongo peke yake, na baba si Mkongo tena, mwana anarithi nini? Swali hilo halikupata jibu lililo wazi kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi sheria ya uraia ya Novemba 2004. Katikati hapo watu waliuza kwa hofu, walinunua kwa majina ya wengine, walificha hati. Hati nyingi za miaka ya themanini zina majina ambayo hayakuwahi kulima hata tuta moja.

Katika hali hiyo ndipo ilipotua Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987. Inastahili kusomwa polepole, kwa sababu ni sheria nzuri kuliko sifa zake vijijini. Inawapanga warithi kwa daraja. Daraja la kwanza ni watoto wa marehemu: waliozaliwa katika ndoa, waliozaliwa nje lakini baba akawatambua kisheria akiwa hai, na walioasiliwa. Wavulana na wasichana ni sawa. Hao wana robo tatu. Daraja la pili lina makundi matatu: mwenzi aliyebaki, baba na mama, kaka na dada. Hao hugawana robo iliyobaki. Chukua ng'ombe kumi na wawili. Tisa ni wa watoto, mmoja wa mjane, mmoja wa wazazi wa marehemu, mmoja wa ndugu zake.

Watu wakisikia hesabu hiyo huguna: ng'ombe mmoja kwa mwanamke aliyekamua kwa miaka thelathini! Lakini wameruka hatua. Wanandoa wasipochagua mpango mwingine, sheria inachukulia kwamba mali waliyoichuma pamoja ni ya wote wawili. Kwa hiyo zizi likiwa na ng'ombe ishirini na wanne waliopatikana ndani ya ndoa, mjane kwanza anatoa kumi na wawili walio wake, si kwa urithi bali kwa haki yake, na ndipo kumi na wawili wa marehemu wanagawanywa. Tena ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake, pamoja na nusu ya matumizi ya shamba lililopakana nayo. Hatua hii ya kwanza ndiyo inayorukwa katika vikao vingi vya jamaa. Ndugu wa mume huanza kuhesabu kutoka ishirini na wanne, na mjane, ambaye hakuna aliyemwambia, anashukuru kwa wawili.

Na kuna sharti linalowaangusha wengi: ndoa lazima iwe imeandikishwa. Mahari ikitolewa, wazee wakala na kunywa, ndoa ni ndoa mbele ya jamaa. Lakini isipopelekwa kwa ofisa wa hali ya raia, mjane akifika mahakamani anaweza kuonekana mgeni. Kwa mke wa pili hali ni mbaya zaidi, maana sheria haitambui ndoa ya wake wengi ingawa vilima vimejaa ndoa hizo. Watoto wake wanaokoka kama baba aliwatambua kwa karatasi. Asipofanya hivyo, ukarimu wake wote wa maisha unazikwa naye.

Wosia nao una milango mitatu. Unaweza kufanywa mbele ya notari au ofisa wa hali ya raia. Unaweza kuandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, ukatiwa tarehe na sahihi. Na anayehisi kifo kimemkaribia anaweza kutamka maneno yake mbele ya mashahidi wazima wasiopungua wawili. Mlango huu wa mwisho ni mzee wa Kihunde aliyeingizwa ndani ya sheria ya Kinshasa, na si ajabu kwamba ndio unaoeleweka Karuba. Lakini una mipaka yake, na wosia wa namna yoyote hauwezi kuwanyang'anya watoto robo tatu zao. Baba aliyemkasirikia mwanawe anaweza kuicheza robo tu.

Hapa tunafanana na jirani zetu kwa kiasi. Pwani ya Waswahili, kwa Waislamu, mtu huachiwa theluthi ya kuusia, na mafungu mengine yamekwisha kupangwa na Kurani. Kwa upande wa mabinti, nchini Tanzania, mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi kwa baba yake ana haki ya kuiuza kama mwanamume, mila iseme isemavyo. Rwanda ilipitisha Novemba 1999 sheria ya kuwapa mabinti haki sawa ya kurithi, na kwa kuwa jamaa nyingi za Karuba zina shangazi na binamu ng'ambo ya mpaka, habari hiyo ilifika Masisi haraka kuliko Sheria ya Jamaa ya 1987 ilivyowahi kufika kutoka Kinshasa. Kongo ilirekebisha sheria yake hiyo tarehe 15 Julai 2016, ikaondoa takwa la mke kupata ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria. Kabla ya hapo mwanamke aliyeolewa hakuweza hata kununua shamba bila mume kuridhia.

Lakini sheria hizi zote zilikuja wakati mashahidi wanakufa. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Watu wapatao 250,000 walihama. Mwaka 1994 wakaja wakimbizi wa Rwanda na wanajeshi waliokimbia pamoja nao. Mei 1996 waliokimbilia monasteri ya Mokoto waliuawa. Makundi makubwa ya ng'ombe yalichinjwa au yakavushwa mpaka, na akiba ya mahari na umunani wa kizazi kizima ikapotea katika muda mfupi. Vita vya 1996, vya 1998, miaka ya uasi wa Nkunda, uasi wa M23 wa 2012: kila wimbi liliondoa wazee waliojua mipaka na kuleta watu wapya waliokuta nyumba tupu. Wengine walirudi wakakuta mtu amepanda mikaratusi, na miti ina miaka kumi. Kumbuka mti unasema nini Karuba.

Kutokana na hofu hiyo kukazuka karatasi ya daftari. Ni ukurasa uliochanwa katika daftari la shule, wenye mistari ya bluu. Juu imeandikwa kwa Kifaransa cha kujaribu, au Kiswahili, kwamba fulani amemwuzia fulani shamba. Kisha bei, kwa dola au kwa ng'ombe. Kisha mipaka, kutoka kijito hadi mikaratusi ya jirani, kutoka njia ya miguu hadi jiwe. Chini kuna mashahidi wa muuzaji na wa mnunuzi, wengine kwa sahihi, wengine kwa dole gumba la wino. Chifu wa lokalite hutia muhuri akilipwa chake, na mashahidi hupata pombe yao. Mbele ya sheria ya 1973 karatasi hii si cheti. Ni ushahidi dhaifu wa mapatano. Kijijini ndiyo kila kitu. Inafungwa katika mfuko wa plastiki, inawekwa chini ya godoro, na siku ya kukimbia inavaliwa tumboni pamoja na kadi ya uchaguzi.

Udhaifu wake mkubwa uko katika jina. Jina lililoandikwa ni la mwanamume peke yake, hata pale fedha ilipotoka katika viazi vya mkewe au likelemba yake, mchango wa zamu. Kuongeza jina la mke na kuwaita watoto wakubwa wasimame kama mashahidi hakugharimu hata chupa moja ya ziada, na kungezuia nusu ya ugomvi unaofika kwa chifu. Wanaume niliozungumza nao hawapingi. Husema tu kwamba haijawahi kufanywa hivyo.

Mpango wa mali unafuata umri, na Karuba kila umri una mtego wake. Mtoto mchanga hutakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90, na katika eneo la vita wengi hawaandikishwi. Asiye na cheti cha kuzaliwa atahangaika siku moja kuthibitisha kwamba yumo katika robo tatu. Kijana, badala ya umunani ambao baba hana tena wa kukata, hupewa nauli ya kwenda Rubaya kuchimba koltani, au Walikale kuchimba bati, au pikipiki ya kubebea watu. Huo nao ni urithi wa mapema, lakini hauandikwi, na baba akifa ndugu zake husema yeye hajapata kitu, au kinyume chake, kwamba amekwisha kula fungu lake. Mtu wa makamo ana ng'ombe wawili watatu kwa mfugaji mwingine, wanaochungwa kwa mapatano ya kugawana maziwa na ndama, na mwenye kuyajua mapatano hayo ni yeye na mfugaji tu. Ana fedha kwenye simu ambayo namba yake ya siri hakuna aijuaye. Ana madeni pia, nayo hurithiwa pamoja na mali, jambo ambalo warithi hulikumbuka mwishoni.

Mzee je? Ingarigari yake imekuwa ndogo hadi haimlishi, na anashawishiwa auze ili kumpeleka mjukuu shule Goma. Akifa bila wosia, sheria inamweka mrithi mwenye umri mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, akijiuzulu warithi wengine wanachagua. Kifungu hicho kiliandikwa kwa kumwamini kaka mkubwa. Kwa ardhi yenye cheti, warithi wanahitaji pia amri ya mahakama ndipo kadasta ibadili jina. Jamaa nyingi hazifiki huko. Cheti hubaki na jina la babu aliyekufa zamani, wajukuu wakiuza vipande vipande kwa karatasi za daftari, kila mmoja akiamini anauza chake.

Yote hayo yalikuwa magumu wakati ofisi zilikuwa wazi. Tangu 2023 Mushaki na vilima vinavyoizunguka vimetoka mkono huu kwenda mkono ule, watu wa Karuba wakajaa katika makambi ya kandokando ya Goma, Bulengo na Lushagala. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma, mwezi uliofuata makambi yakavunjwa, na watu wakaambiwa warudi kwao. Wengi walirudi bila wazee waliowazika kambini, yaani bila mtu wa kuonyesha mpaka. Benki za Goma zilifungwa, na akiba ya marehemu ikafungwa ndani yake. Serikali ya jimbo ilihamia Beni, na mahakama za Dola mjini Goma zikasimama, hivyo amri ya kuwaingiza warithi katika cheti haikuwa na hakimu wa kuitia sahihi. Mamlaka mapya ya M23 yana machifu wake na mihuri yake. Mwenye kuuza leo anapata muhuri kwa urahisi. Mnunuzi anajiuliza utaheshimiwa na nani kesho, na mrithi aliye Uganda au Kinshasa hajui hata kwamba kuna mauzo.

Jamaa zinajisaidia zinavyojua. Wapo wanaopiga picha karatasi ya daftari na cheti cha ndoa kwa simu na kuzituma kwa ndugu walio mbali, wapo wanaoandika nakala tatu na kuacha moja parokiani. Kikao cha jamaa hufanyika kwa spika ya simu, shangazi akiwa Kampala, na maamuzi yake huandikwa na kijana aliyemaliza sekondari, majina yote chini, tarehe, mashahidi wawili wasio warithi. Kisheria karatasi hiyo haibadilishi cheti cha kadasta. Lakini mahakama itakapofunguliwa, chini ya bendera yoyote, swali la kwanza la hakimu litakuwa nani walikuwapo na walikubaliana nini, na jamaa hiyo itakuwa na cha kumwonyesha.